Ombi Lako Tumelipokea

Jina lake la kuzaliwa wateja hawakulijua, na hata ofisini lilikuwa limeshasahaulika. Wote walimwita Bi Pole. Walimbandika jina hilo kwa sababu kila jibu alilowaandikia wateja lilianza hivyo: pole kwa usumbufu, pole kwa kusubiri, pole kwa yaliyokukuta. Mwenyewe hakulichukia. Alisema afadhali hilo, maana watu wanaoandika wakiwa wamefura hasira walikuwa wameshamwita mabaya zaidi.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, ghorofa ya pili juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi kila asubuhi. Walitengeneza programu ya kupanga ratiba. Wenye saluni waliitumia kupanga wateja wao, shule za udereva zilipangia nani anaendesha gari lipi, hospitali zilipangia miadi ya wagonjwa. Kazi ya Bi Pole ilikuwa kuwajibu watu hao walipokwama na, zaidi ya hapo, kupokea maombi yao. Maana hakuna anayetumia programu ya ratiba asitake iongezewe kitu.

Na walitaka vitu kwelikweli. Kinyozi mmoja alitaka mfumo umkatae mteja yeyote aliyewahi kuweka miadi kisha akaingia mitini. Mwalimu wa udereva aliomba ratiba isimpangie mwanafunzi mwoga na mwanafunzi mkaidi kwa kufuatana, kwani presha yake ilikuwa haihimili. Mama mwenye saluni aliandika kwa herufi kubwa tupu kwamba ile rangi ya kijani kwenye skrini inamtia kichefuchefu, naye ni mjamzito, kwa hiyo ama wambadilishie rangi ama wamletee ndoo. Bi Pole aliwajibu wote. Hakunakili jibu la jana akalibandika leo. Aliyekuja na moto alimpoza, asiyeeleweka alimuuliza taratibu mpaka mwenyewe akajielewa. Mama wa kichefuchefu alimwelekeza jinsi ya kupunguza mwanga wa skrini, akamtakia uzazi mwema. Kisha, mwisho wa kila jibu, aliandika: "Ombi lako tumelipokea na tumelifikisha kwa mafundi."

Alikuwa na kipaji cha kazi ile. Kabla ya hapo alikuwa amekaa mapokezi kwa daktari wa meno, mahali ambapo hakuna anayeingia akicheka, na huko ndiko alikojifunza kwamba mtu mwenye maumivu hatukani mtu, anatukana maumivu. Alikuwa na sauti nzito kidogo, isiyopanda wala kushuka. Mume wake, fundi umeme wa majumbani, alishangaa jinsi anavyoweza. Yeye, alisema, mteja akimkera anamwachia nyaya zake zikining'inia na kwenda zake.

Kilichomla Bi Pole hakikuwa matusi. Kilichomla ni lile neno la mwisho, tumelifikisha kwa mafundi. Kulifikisha kweli alikuwa akilifikisha. Lakini mwaka wake wa pili pale, wakinywa chai, fundi mkuu alimwambia ukweli bila hata kujua kwamba anamwambia jambo zito. Fundi huyo walimwita Kimya, kwa kuwa alishinda na visikilizio masikioni na kuzungumza naye ilikuwa sawa na kuomba miadi. Akamwambia kwamba yale maombi anayowaletea huwa hawayafungui. Mafundi walikuwa watatu tu, na kazi yao yote ilipangwa na mkurugenzi, naye mkurugenzi alimsikiliza mteja mmoja: kampuni ya mahoteli yenye matawi kila upande. Hoteli ikikohoa, ofisi nzima inapata mafua. Wengine wote walikuwa wanasema na ukuta, na Bi Pole ndiye aliyekuwa ule ukuta.

Angeweza kuacha kazi siku ile. Hakuacha. Alijiambia kwamba angalau mtu akiandika anajibiwa na binadamu, na hilo nalo si dogo. Alijiambia hivyo kwa muda mrefu sana, mpaka maneno yakapauka kama nguo iliyofuliwa kupita kiasi. Akawa anarudi nyumbani akiwa amekauka. Jioni moja binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, alimfuata jikoni akamwambia kwamba masomo ya sayansi yamemshinda, kwamba anakaa darasani haoni mbele wala nyuma, na anaomba mama aende akaongee na mwalimu wa darasa ahamishiwe mkondo mwingine. Bi Pole alikuwa anamenya vitunguu. Akamwambia bila kugeuka, "Pole, mwanangu. Nimekusikia, tutaliangalia."

Binti akaja mbele yake. "Mama," akasema, "mimi si mteja wako."

Baba mtu aliyekuwa sebuleni alicheka mpaka akapaliwa, na Bi Pole naye akacheka. Lakini alipobaki peke yake na vyombo alijiona kama mtu aliyekutwa na kosa ambalo hakujua analifanya mchana kutwa.

Katika watu waliomwandikia, mmoja hakuwa kama wengine. Alikuwa muuguzi kiongozi, Sista kama walivyomwita, wa kitengo cha figo katika hospitali moja, mahali wanapolazwa kwenye viti watu ambao figo zao zimeacha kufanya kazi, damu yao ikapitishwa kwenye mashine ikasafishwa na kurudishwa mwilini. Mgonjwa wa namna hiyo hana likizo. Anakuja siku zilezile kila wiki, kwenye kiti kilekile, na akikosa mara mbili maji yanaanza kumjaa kifuani. Ujumbe wa kwanza wa Sista ulikuwa mkali kama pilipili. Aliandika kwamba programu yao ina tabia ya kishenzi: mgonjwa akiomba kusogeza siku moja tu, labda ana msiba, mfumo unamhesabu kama mtu aliyeondoka kabisa. Unamfutia siku zake zote zilizobaki na kiti chake unampa anayesubiri, kimyakimya. Yeye hakutaka makubwa. Alitaka mfumo uulize kwanza kabla ya kufuta. Swali moja tu.

Bi Pole alimjibu kama alivyojibu wote. Sista akaandika tena baada ya wiki kadhaa, na tena, na tena. Kila mara Bi Pole alimjibu, na kila mara alipeleka ombi lile kwenye kapu lisilofunguliwa. Wakati huo Sista alikuwa amejitafutia dawa yake mwenyewe. Alipachika ubao mweupe ukutani mwa kitengo, na kila asubuhi kabla ya zamu kuanza alisimama pale akaandika kwa mkono wagonjwa wote na viti vyao, akilinganisha na kilichomo kwenye kompyuta. Miguu ilikuwa inamvimba, aliandika, na hakuajiriwa kuwa msahihishaji wa kompyuta.

Siku moja akapiga simu.

"Wewe ni mtu au mashine?" akauliza, hata salamu hakutoa.

"Mimi ni mtu, Sista."

"Basi niambie kama mtu. Hili jambo litafanyika au halitafanyika?"

Bi Pole alikuwa na majibu kumi ya swali hilo, yote laini, yote yasiyosema kitu. Akajikuta hana hamu nayo hata moja. "Sijui, Sista," akasema. "Lakini nitalisimamia mwenyewe."

Hakuwahi kumwambia mteja hivyo.

Mkurugenzi wao alikuwa kijana mtanashati, mwenye maneno matamu, aliyependa kusimama wakati wenzake wamekaa. Katika mkutano wa Jumatatu, baada ya habari za hoteli kwisha, Bi Pole aliomba nafasi. Watu waligeuka, kwa maana hakuwa na kawaida ya kuomba. Akaeleza habari za kitengo cha figo kuanzia mwanzo. Mkurugenzi akamsikiliza akitikisa kichwa, akasema ni wazo zuri sana, waliweke kwenye foleni. Bi Pole akasema kwamba limekaa kwenye foleni tangu Sista akiwa na ukali, na sasa Sista hana tena hata ukali. Hakuinua sauti. Alibaki tu amesimama, na hakuketi, ikawa wawili wamesimama na wengine wamekaa, na mambo yakawa mazito. Kimya ndiye aliyevunja ukimya. Alitoa visikilizio, akasema kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Mkurugenzi akatazama saa, akasema haya, ifanyike.

Ikafanyika. Kimya alipomwita aje kuona, Bi Pole alimtunga mgonjwa wa uongo, akamsogezea siku moja, na skrini ikauliza kama ana hakika anataka kufuta siku zilizobaki. Alirudia zoezi lile kama mtoto aliyepewa kengele. Kisha akampigia Sista, akamwongoza, simu ikiwa sikioni, mpaka naye akaliona lile swali. Upande wa pili Sista akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hiyo ule ubao naufuta," akasema.

"Futa, Sista," akasema Bi Pole.

Siku hizo alitembea mwepesi. Aliwaandikia wateja kwa moyo, na maneno yakawa na rangi tena. Hata nyumbani walimwona. Ijumaa moja aliomba ruhusa, akaenda na binti yake shuleni, wakakaa mbele ya mwalimu wa darasa kwenye viti vidogo vya mbao, na binti akahamishiwa mkondo alioutaka. Walirudi kwa miguu wakila karanga, binti akiongea njia nzima.

Ijumaa hiyohiyo, ofisini, hoteli ilipiga simu. Lile swali jipya lilikuwa linawakwamisha watu wao wa mapokezi kila walipohamisha mikutano ya siku nyingi, na walitaka liondoke mara moja. Mkurugenzi akaamuru warudishe toleo la zamani kwa wateja wote, maana kuliondoa kwa hoteli peke yake kungechukua muda. Kimya akarudisha. Alidhani mkurugenzi atamwambia Bi Pole. Mkurugenzi alidhani Kimya atamwambia. Jumatatu Bi Pole aliingia, akasalimiana na wote wawili, akaketi, akaanza kujibu watu.

Huko hospitalini palikuwa na mgonjwa waliyemwita Dereva, mzee aliyeendesha malori ya masafa enzi zake. Alikuwa mtu wa mizaha. Akifungwa kwenye mashine alikuwa anamwambia Sista asimjazie mafuta machafu. Dada yake alifariki mbali, akaomba asogezewe siku moja ili akazike. Muuguzi wa zamu akamsogezea. Mfumo haukuuliza kitu. Mzee alizika, akarudi na mkewe siku yake iliyofuata, wakakuta kiti kina mtu mwingine na jina lake halimo. Sista hakuwepo, alikuwa likizo, likizo yake ya kwanza tangu apachike ule ubao. Mtu wa mapokezi aliangalia kompyuta, akaangalia tena, akawaambia viti vyote vimejaa, warudi mwanzoni mwa wiki, Sista akiwepo atajua la kufanya. Mzee hakubisha. Alikuwa mtu wa barabara, alishazoea kuambiwa asubiri. Alikufa Jumapili mchana, ameegemezwa mito kitandani kwake, mkewe akimpepea.

Bi Pole alipata habari kwa ujumbe, katikati ya ujumbe wa kinyozi na ujumbe wa ukumbi wa harusi. Sista hakutukana wala hakuandika kwa herufi kubwa. Alieleza yaliyotokea kwa utaratibu, tarehe na yote. Akasema uongozi wa hospitali unamtaka aeleze kwa nini aliondoa ubao, na anaomba athibitishiwe kimaandishi kwamba kampuni ilimwambia tatizo limerekebishwa. Mwishoni aliandika, "Pole kwa usumbufu." Bi Pole alisoma neno hilo, neno lake mwenyewe.

Alikwenda kwa Kimya. Kimya alipoelewa anaulizwa nini alivua visikilizio, akaviweka mezani, akamweleza habari ya lile toleo la zamani. Wakaenda pamoja kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alifunga mlango. Alisikitika, na pengine alisikitika kweli. Lakini akasema kwamba mkataba unasema wazi kuwa mtumiaji ndiye mwenye wajibu wa kuhakiki ratiba, na kwamba mtu yeyote asiandike chochote kwenda hospitali bila yeye kukipitia. Bi Pole akamwambia kwamba yeye ndiye aliyesema futa.

"Hilo ulisema kwa simu," mkurugenzi akasema kwa upole. "Hakuna aliyesikia."

Bi Pole aliandika barua mchana uleule. Aliandika kwamba alimwambia muuguzi tatizo limekwisha, kwamba lilirudi bila mteja kuarifiwa, na kwamba muuguzi hana kosa. Hakuipitisha kwa mkurugenzi. Siku ya pili akaipeleka hospitali kwa miguu yake mwenyewe.

Hakuwahi kumwona Sista. Alimtarajia mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, akakutana na mama mwembamba, mfupi, amevaa soksi ndefu za kubana miguu. Walikuwa wameshamwondoa kwenye kitengo. Alikuwa amekaa kwenye stoo ya mashuka, akihesabu mashuka. Bi Pole alijitambulisha, na Sista akamtazama kwa muda, kama anayelinganisha sura na sauti.

"Nilidhani u mzee zaidi," akasema.

Akamsogezea kiti. Bi Pole alikuwa amejiandaa njiani, lakini alipofungua kinywa lilitoka lilelile la kila siku, na Sista akainua mkono.

"Usiniambie pole. Ninazo nyingi zako, nimezihifadhi zote. Niambie kitu kingine."

Bi Pole hakuwa na kitu kingine. Alitafuta, kwa kweli alitafuta, na akaona kwamba baada ya miaka yote ya kuwapoza watu hakuwa na neno la akiba la kwake mwenyewe. Nje ya mlango kitoroli kilipita kikilia gurudumu moja. Sista akaendelea kukunja mashuka, na baada ya muda Bi Pole akashika ncha za upande wa pili, wakakunja pamoja, mkunjo baada ya mkunjo. Alipoaga, Sista alimwambia kwamba mke wa Dereva alikuja kitengoni kurudisha blanketi la hospitali. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi.

Barua ilisaidia kidogo. Sista hakufukuzwa. Alistaafishwa mapema, kwa heshima, wakasema, na hakuagwa. Bi Pole alipewa onyo. Mkurugenzi alisema anamvumilia kwa sababu wateja wanampenda.

Kwa muda baada ya hapo Bi Pole alijaribu kusema ukweli. Mtu akiomba kitu, alimjibu kwamba ombi lake ni la maana na kwamba halitafanyiwa kazi, kwa hiyo ajipange kwa njia nyingine. Alidhani watu watashukuru. Wapi! Walikasirika kuliko mwanzo. Walimwambia hana utu, wakauliza yule Bi Pole wa zamani yuko wapi, mwalimu wa udereva akaandika kwamba heri wangemdanganya. Mkurugenzi akamwita tena, na safari hii hakutabasamu. Nyumbani mume wake alimwambia aache kazi, watakula wanachopata. Alifikiri juu ya hilo kwa siku nyingi. Kisha akajiuliza nani atakaa kwenye kiti kile akitoka yeye, na jibu alilolipata halikumpa faraja, ila lilimzuia kuondoka. Akarudi kuandika kama zamani. Alichoongeza ni mstari mmoja tu, kwamba mteja asiache kukagua kwa mkono. Mkurugenzi aliugundua baada ya muda, akaamuru utolewe, kwani ulikuwa unawatia watu wasiwasi.

Mwaka mmoja na ushee ukapita. Halafu hoteli yenyewe ilipata aibu. Mtu wa mapokezi alisogeza siku moja ya mkutano mkubwa, vyumba vyote vya wageni vikafutika, na wageni wakafika na mabegi yao. Hoteli ikataka mfumo uwe unauliza kabla ya kufuta. Kimya alilirudisha lile swali mchana huohuo, kwa kuwa alikuwa amelihifadhi. Alipomaliza alipita mezani kwa Bi Pole akasimama kidogo, akaenda zake.

Mkurugenzi alitaka tangazo liende kwa wateja wote, liwe la furaha kidogo, na nani angeandika vizuri kuliko Bi Pole? Aliandika. Akasema kwamba kuanzia leo mfumo utauliza kabla ya kufuta miadi inayojirudia, na kwamba kampuni inawashukuru wateja kwa maoni yao. Akalituma.

Majibu yalianza kuingia kabla ya chakula cha mchana. Kinyozi alishukuru, akakumbushia lake. Mwenye ukumbi alituma picha ya kidole gumba. Na kutoka kitengo cha figo, muuguzi kiongozi mpya, ambaye Bi Pole hakuwahi kuongea naye, aliandika kwamba hilo jambo litawafaa mno, wala haelewi waliishije bila hilo. Akauliza ni fundi gani aliyelifikiria, wampe hongera zake.

Bi Pole alilikodolea macho swali hilo. Alianza kuandika habari za mama mmoja mwembamba mwenye soksi ndefu, akafuta. Akaanza kuandika habari za mzee wa malori, akazifuta nazo. Chini dukani walikuwa wanatoa tairi kwenye chuma chake, na kila lilipokataa walilipiga nyundo, na sakafu ikatetema kidogo chini ya miguu yake. Hatimaye aliandika kwamba hongera zimepokelewa, akabonyeza kutuma. Kisha akafungua ujumbe uliofuata. Ulikuwa wa mtu wa shule ya kuogelea, mwenye hasira, na alikuwa amesubiri tangu juzi.